Nywele za Matanga

Kabla ya yote niombe radhi. Mwandiko wangu ni mbaya, herufi zinalala kama mtama uliopigwa na mvua, na huenda mahali pa l nimetia r na mahali pa r nimetia l, maana kwetu ulimi hauzitofautishi na mkono hufuata ulimi. Nilimaliza darasa la saba tu, na tangu hapo hakuna kazi iliyonidai kalamu. Ninaandika polepole. Sentensi moja naweza kuikalia mpaka chai ikapoa. Atakayepiga chapa karatasi hizi namwomba anyooshe maneno, lakini mambo yenyewe ayaache yalivyo.

Nataka kueleza habari ya nywele zangu, wakati nilipokuwa kuruta.

Mwaka ule kijiji chetu, upande wa Butiama, kilikuwa bado kipya. Tulikuwa tumetoka kwenye miji yetu ya zamani, kila ukoo na mlima wake, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, nyumba ikitazama nyumba. Miti ya kivuli ilikuwa haijafika magotini. Siku moja katibu wa kijiji aliitisha mkutano akasema wanatakiwa vijana wa kwenda mafunzo ya jeshi. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kusema mikutanoni, alisimama akasema, "Wangu aandikwe." Kisha akakaa akaanza kukohoa. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu alipofanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu wa Kiabakari, zamani kabla haujafungwa. Alikohoa mpaka katibu akangoja ndipo aendelee.

Nyumbani mama alimuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Baba akasema, "Mtoto huyu akibaki hapa atajificha nyuma ya ng'ombe mpaka azeeke. Aende akafundishwe kusimama mbele za watu."

Ilikuwa kweli. Mimi ni mtu wa aibu. Wageni wakija nilikuwa natokea mlango wa nyuma. Hata leo mtu akinitazama sana ninapozungumza, maneno yanarudi ndani.

Tulikusanyika Musoma kwa kupimwa. Nililala Nyasho, mtaa wa mji huo, kwa mjomba, na asubuhi nikapanda lori pamoja na wenzangu. Tulipofika Kiabakari niliiona njia ya kwetu inavyokata kwenda Butiama, nikaiangalia mpaka vumbi likaifunika. Tulipita Bunda mjini, tukapita na nyumba za Nyasura, tukaingia kambini mchana, jua kali, midomo imekauka.

Hatukupewa hata maji. Tuliambiwa tukae juu ya madebe, mstari mmoja, na makuruta waliotutangulia wakaja na mashine za kunyolea na nyembe. Nywele zilianguka chini kama manyoya ya kuku siku ya sikukuu. Walicheka, walituita majina. Nilipoinuka nilijipapasa kichwa nikasikia baridi, na moyo nao ukawa baridi.

Nieleze sababu, maana wengine mtasoma hamjui. Kwetu mtu mzima hanyoi kichwa chote hivi hivi tu. Kichwa hunyolewa kwa matanga. Ukiona mtu anakuja njiani kichwa kimenyolewa kinang'aa, humsalimii kwanza. Unasimama, unasema, "Pole. Ni nani?" Naye anakuambia ni nani amefariki. Kwa hiyo kukaa na kichwa kile huku baba yangu anaumwa nyumbani, niliona kama ninamtangulia. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Wiki ile ya kwanza tulikuwa kwenye mchakamchaka alfajiri, tunapita Nyasura tunaimba, na mama mmoja alikuwa ameketi na ungo wa karanga. Alipoona vichwa vyetu, kundi zima, akasimama akashika mdomo.

"Jamani! Poleni wanangu. Mmefiwa na nani wote hawa?"

Koplo aliyekuwa akitukimbiza akamjibu bila kupunguza mwendo, "Wamefiwa na uraia, mama! Tumeuzika jana!"

Tulicheka wote. Na mimi nilicheka.

Koplo huyo ndiye aliyetufundisha kwata. Alikuwa mtu wa pwani, mfupi, sauti yake inafika ng'ambo ya kiwanja bila yeye kuonekana amefungua mdomo. Mguu pande, mguu sawa, kulia geuka, nyuma geuka, kutwa nzima, mpaka hata usingizini miguu ilikuwa inageuka. Hakuwa mkatili. Alipenda tu mzaha, na mzaha wake mkubwa ulikuwa Kiswahili chetu.

"Nyie watu wa Mara," alikuwa akisema, "hiyo 'ga' yenu mnaitia kila mahali kama chumvi. Nilikuwaga, nilikulaga, nililalaga. Hamwezi kula tu mkashiba?"

"Tumezoeaga, afande," akajibu mmoja.

"Wewe! Lala chini, pushapu. Kila 'ga' na pushapu zake."

Mimi alinisema kwa sauti. Asubuhi akiita majina lazima ujibu kwa kishindo, na langu lilitoka kama la mtu aliye chini ya blanketi. Alinijia mpaka kofia yake ikagusa kipaji changu.

"Adui akija utamwambiaje? Utamnong'oneza?"

"Hapana, afande."

"Nani kasema hapana? Nimesikia mbu." Akawageukia wenzangu. "Kuna aliyesikia mtu hapa?"

"Hapana afande!" wakajibu wote kwa furaha.

Kitanda changu kilikuwa karibu na cha kijana wa Nyasho, mtoto wa mama muuza samaki. Huyo hakujua aibu ni kitu gani. Aliweza kumwomba mpishi ukoko akapewa. Kwa kuwa alikuwa amewahi kunyoa watu mjini, alifanywa kinyozi wa platuni yetu. Kila Jumamosi kabla ya ukaguzi alitunyoa sote nje ya hanga, lile banda tulimolala, na akinyoa aliimba nyimbo za dansi, akakugeuza kichwa kwa kufuata mdundo. Nilimpenda. Ndiye peke yake niliyezungumza naye bila kutazama chini.

Jumamosi moja alininyoa kama kawaida. Nakumbuka alikuwa ana furaha maana mama yake alikuwa amemletea sato waliokaushwa, na aliniambia, "Kichwa chako kizuri, ndugu yangu, hakina bonde. Ningekuwa na kichwa hiki ningeoa mapema." Nywele zangu za wiki moja, fupi kama vumbi, akazipangusa kwa kitambaa. Zikafagiliwa pamoja na za wengine zikatupwa shimoni na kuchomwa.

Siku iliyofuata, Jumapili, niliitwa getini. Nilimkuta baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, amesimama nje ya kamba na kofia yake mkononi. Viatu vilikuwa vimejaa vumbi. Nilimwamkia. Hakuitikia haraka. Alikuwa anatazama kichwa changu.

"Kumbe umeshapata habari," akasema.

"Habari gani, baba?"

"Nani amekuambia?"

"Sijaambiwa kitu."

"Basi hicho kichwa?"

"Kila Jumamosi tunanyolewaga," nikasema.

Akafunga macho. Alirudisha kofia kichwani, akaivua tena, na mimi nikajua. Nilijua kabla hajasema. Alieleza kwamba baba alilala Alhamisi jioni, wakamzika Ijumaa, maana joto lilikuwa kali, na magari yalikosekana, ndiyo sababu amechelewa. Baba alikuwa mtu wa kwanza wa nyumba yetu kuzikwa kwenye kijiji kipya. Nilitaka kulia lakini getini palikuwa na askari wa zamu ananitazama, na nikashindwa.

Mkuu wa kambi alinipa ruhusa ya siku nne. Tulipata lori la pamba Bunda, tukashuka Kiabakari, tukatembea. Njia nzima baba mdogo alizungumza mara moja tu. Alisema, "Sisi wote tunakungoja wewe."

Lazima niseme hapo maana yake. Kwetu siku ya kumaliza matanga anayeanza kunyolewa ni mtoto wa kwanza wa kiume. Akishanyolewa yeye, wanafuata wadogo zake, halafu ndugu wa marehemu, na mwisho mjane. Mjane akiwa hajanyolewa, hashiki jembe, hachoti maji, hapiki kwenye jiko lake. Anakaa upande wa ukuta, anapewa chakula na wengine. Mtoto wa kwanza wa kiume nyumbani ni mimi. Sisi ni Wakatoliki na padri alikuwa ameshasoma misa, lakini kunyoa hakungojei misa na misa haizuii kunyoa.

Anayenyoa ni shangazi, dada yake baba. Ni mwanamke mrefu, mkavu, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Siku ya pili ya ruhusa yangu alikuja na wembe wake umefungwa kitambaani na maji kwenye kibuyu. Watu wa ukoo walikaa uwanjani. Niliketi chini mbele yake, yeye akanivua kofia ya jeshi, akaweka kiganja kichwani mwangu. Kiganja kikasimama. Kikapita mbele, kikapita nyuma.

"Hapa hakuna kitu," akasema.

Watu walisogea kutazama.

"Nani alikunyoa, baba?" akaniuliza. Shangazi zetu hutuita baba.

"Mwenzangu wa hanga."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Kwa hiyo nywele zilizokuona ukifiwa zilikuwa kichwani siku ya Alhamisi, na Jumamosi zikaondolewa."

"Ndiyo, shangazi."

"Huyo mwenzako alijua?"

"Hapana. Hata mimi sikujua."

"Alikuwa anafanya nini wakati anakunyoa?"

Nikasema, "Alikuwa anaimba."

Wanawake waliokuwa karibu na ukuta walitoa sauti ndogo. Shangazi aliufunga wembe kitambaani.

Baba mdogo alijaribu. Alisema, "Dada, upitishe wembe tu juu ya ngozi. Mungu anaona nia."

"Wembe ukipita bila kuchukua kitu ni mchezo wa watoto. Mnataka nimchezee kaka yangu?"

"Basi tuanze na huyu mdogo wake. Ana nywele."

"Anza wewe," shangazi akamjibu. "Umnyoe mdogo kabla ya mkubwa, umhesabu mkubwa kuwa amekufa, halafu umrudishe kwenye bunduki. Mimi mkono wangu hautashika jambo hilo."

Nilibaki nimeketi pale chini, kichwa wazi, watu wote wananitazama, na ile aibu yangu ya siku zote ilikuwa si kitu mbele ya hiyo. Mama alikuwa kwenye ukuta wake. Alikuwa amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi.

Jioni hiyo katibu wa kijiji alikuja kutupa pole. Alikuwa mtu mwema, alikaa sana, alikunywa uji. Halafu akasema, "Mama, mvua hazijui matanga. Mawingu yanajengeka upande wa ziwa. Shamba la kijiji linahitaji mikono, na lako la pamba nalo ni pori. Mnasema mpaka lini?"

Shangazi akamjibu kwa niaba ya mama, "Mpaka kichwa cha mtoto huyu kiote."

Katibu alinitazama, akatazama chini, akaaga.

Shangazi alitaka nibaki. Alisema nywele za kijana huota haraka, mwezi mmoja unatosha, wembe upate cha kushika. Baba mdogo alisema nikibaki mwezi nitaitwa mtoro, na mgambo watakuja kunichukua mbele ya nyumba yenye msiba, na kazi niliyoandikiwa na marehemu itakuwa imepotea. Walibishana mbele yangu kama vile mimi sipo. Mimi nilikuwa nafikiri juu ya mama tu. Ndugu zangu watatu wote ni wadogo kuliko mimi, mmoja ni msichana aliyekwisha kuvunja ungo, wawili wavulana wa shule. Hakuna mwingine wa kushika jembe kwa nguvu. Kama mvua zingepita naye bado ameketi ukutani, mwaka ule nyumba yetu ingekula kwa huruma ya watu.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kuketi karibu naye. Alisema bila kunitazama, maana mjane hatazami watu machoni siku zile:

"Nenda. Baba yako alitaka uende."

"Na wewe, mama?"

"Waombe wakuachie nywele. Mwezi mmoja tu. Wakuu wa jeshi nao wana mama zao."

"Nitawaomba."

"Useme kwa sauti," akasema. "Usinong'one."

Njiani kote nilitengeneza maneno. Nilipofika Kiabakari nilikuwa nayo yote. Ndani ya lori niliyasema kimya kimya, nikayabadilisha, nikayarudisha. Nilitaka kusema hivi: Afande, kwetu mwana wa kwanza asiponyolewa mama yake halimi. Naomba kichwa changu kiachwe mwezi mmoja niende nikanyolewe. Si maneno marefu.

Jumamosi ilifika. Madebe yalipangwa. Nilipofikiwa na zamu sikukaa. Nilimwendea koplo, nikasimama sawasawa, nikapiga saluti. Platuni nzima iligeuka kutazama maana haikuwahi kuniona nikitoka mstarini.

"Afande, naomba nisinyolewe."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Unasemaje?"

"Naomba niache nywele, afande."

"Aa!" Akawageukia wenzangu. "Bwana mdogo huyu kapanda lori la Musoma kaona wahuni wa mjini. Anataka afro! Suruali ya bugaluu tukuletee lini?"

Walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Maneno yangu yote yakaanza kurudi ndani. Nilijilazimisha.

"Afande, nimefiwa. Kwetu tunanyolewaga tukifiwa."

"Basi mbona raha! Hapa unanyolewa bure kila wiki."

"Sivyo, afande. Nyumbani wananisubiriaga."

Lilipotoka tu nililisikia mwenyewe. Na yeye alilisikia. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Wanakusubiria, au wanakusubiriaga? Simama vizuri utofautishe. Kama wanakusubiria, hilo ni jambo la haraka. Lakini kama wanakusubiriaga, mwanangu, basi hao wameshazoea. Watasubiri tu."

Wenzangu walicheka sana. Sidhani kama kuna mzaha wake mwingine uliochekwa kiasi kile, ulirudiwa mesini, ulirudiwa kwenye fatiki tukifyeka na kufagia, mpaka tunamaliza mafunzo kuna walioniita Wanasubiriaga. Mimi nilikaa juu ya debe. Yule mwenzangu wa Nyasho alichukua mashine. Hakucheka na hakuimba. Tangu siku hiyo hakuimba tena akininyoa mimi. Akifika kwa mwingine anaimba.

Sitaki mumwone koplo kuwa mtu mbaya. Siku mbili tatu baadaye alinikuta nasafisha bunduki, akachuchumaa karibu yangu akaniuliza polepole nimefiwa na nani, nikamwambia, na nikamweleza habari yote, kwa kunong'ona, kwa maana peke yetu nilikuwa naweza. Alisikiliza. Akasema, "Mbona hukusema hivi?" Alikwenda kwa mkuu wa kambi kuniombea. Alirudi akaniambia haiwezekani, mgeni mkubwa atakuja kukagua, chawa walikuwa wameonekana kwenye hanga la pili, kichwa kimoja kikiachwa vitadai vyote. "Kwetu sisi tunasoma hitima, mambo yanakwisha," akasema. "Hili la nywele silijui. Nisamehe, bwana mdogo." Kisha akasimama akanifokea kwa sababu ya kutu ambayo haikuwepo, ili wengine wasidhani tumekuwa marafiki.

Kwa hiyo nilinyolewa kila Jumamosi. Mvua zilianza. Tukiwa kwenye matope ya kiwanja, mguu sawa, maji yanatiririka kichwani bila kitu cha kuyazuia, nilikuwa naona shamba letu. Nilijua watu wanapanda. Nilijua wiki ambayo pamba ya jirani ingetoa majani mawili. Kila nilipojipapasa kichwa niliona ni mimi nimemkalisha mama ukutani. Usiku sikuwa nalala vizuri, na mchana nilifanya kila nilichoambiwa, mpaka wakasema nimekuwa askari mzuri. Hata sauti yangu ilipatikana. Nilijibu jina langu kwa kishindo na hakuna aliyelalamika tena.

Siku ya gwaride la kumaliza tulinyolewa asubuhi yake, safi kabisa. Tukapewa likizo ya mwezi kabla ya kupangiwa vituo. Kutoka barabarani Kiabakari nilikwenda mbio mbio, sare mwilini, na watoto wa kijiji wakanifuata wakiimba.

Nilimkuta mama shambani. Alikuwa amejifunga kanga kichwani na ameshika jembe, anapalilia pamba iliyochelewa, fupi, majani mekundu. Nilisimama kwenye ukingo wa shamba. Nywele za matanga zilikuwa zimetokeza chini ya kanga, ndefu, zimejaa vumbi.

"Mama, nani alikunyolea njia?" nikamuuliza. Ndivyo tunavyosema tukiuliza ni nani aliyenyolewa kwanza hata mjane akafunguliwa.

"Hakuna," akasema. "Wadogo zako walilia njaa."

Alikuwa amengoja mpaka mvua ya pili. Baba mdogo ndiye aliyenieleza mengine. Kwamba asubuhi moja aliinuka ukutani bila kumwambia mtu, akachukua jembe, akaenda. Shangazi alipata habari akaja mpaka shambani, akamkuta, wakatazamana. Hawakugombana. Shangazi aligeuka, akapita nyumbani kuchukua kibuyu chake alichokiacha siku ile, akaenda zake. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu.

Nilikaa mwezi ule nikiotesha nywele. Sikuvaa kofia, niliona jua litasaidia. Zilipofika mahali pa kushikika nilikwenda kwa shangazi, peke yangu. Alinipokea vizuri. Alinipa maziwa ya mgando, akaniuliza habari za jeshi, akasema nimenenepa shingo. Nilipiga magoti mbele yake nikainamisha kichwa.

Hakukigusa.

"Inuka, baba," akasema.

"Shangazi, zimeota."

"Naona. Lakini mama yako alijinyoa kwa jembe. Mimi sina cha kunyoa tena kwenu."

"Angefanyaje? Watoto walikuwa na njaa."

"Sikusema alikosea," akajibu. "Nasema limekwisha kwa njia nyingine. Mimi sijui kulifungua. Aliyejua alikuwa bibi yako."

Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ile uwanjani. Nilimaliza maziwa kwa sababu si heshima kuyaacha, nikarudi nyumbani, na likizo ilipokwisha nikaenda kituo changu, mbali na ziwa, mahali ambapo hakuna anayejua maana ya kichwa changu. Wiki ya kwanza walininyoa.

Sasa ni mwaka wa tatu. Matanga ya baba hayajamalizwa. Mama analima, anakwenda shamba la kijiji, anapika, lakini hajanyolewa, na wanawake wengine hawali naye sahani moja. Mdogo wangu wa kike alichumbiwa na watu wa upande wa Ikizu. Walikuja mara moja, wakaona, wakasema watarudi tukishanyoa. Hawajarudi. Baba mdogo anasema tungoje, dunia inabadilika, vijijini sasa tumechanganyika na watu watasahau. Mimi sioni wakisahau.

Nimeuliza askari wenzangu, kila mmoja wa kabila lake, wengi wanacheka kwanza halafu wanasema hawajui. Kwa hiyo nimeandika. Najua kuna wengine kati yenu mnaosoma ambao mlifiwa mkiwa kambini, au ndugu yenu alikuwa kambini, na kwenu nako wananyoa. Walifanyaje wazee wenu? Nani alinyoa, kama aliyestahili kunyoa amekataa? Mjane aliyeshika jembe mapema alifunguliwa kwa kitu gani, maji, mbuzi, au maneno? Naomba mnijibu kupitia kwa hao wanaochapa karatasi hizi, watanifikishia. Hata kama jibu ni kwamba hakuna dawa, niandikieni. Mama ananiuliza kila nikienda likizo kama nimepata mtu anayejua.